Chumbe: kisiwa ambamo wavuvi waligeuka walinzi

Kasongo inajua Zanzibar tangu misafara ya Tippu Tip. Leo Chumbe, kisiwa kidogo cha kule, kinaleta somo lingine. Tangu 1994 uvuvi umekatazwa kwenye matumbawe yake, ambamo samaki wanazalia. Mgeni anatembea porini, usiku anaangalia kaa wakubwa wanaopanda miti, mchana anaogelea juu ya matumbawe. Kuzamia na chupa ya hewa, hapana. Nyumba za wageni ni 7 tu, na bei si ya mtu mdogo. Feza hiyo ndiyo inalipa walinzi. Wa kwanza walikuwa wavuvi wa palepale.

Maniema nayo ina Parke ya Lomami, tangu 2016. Ila nyumba 7 haziwezi kulisha wawindaji wa msitu mzima. Wakikatazwa nyama, watapewa kazi gani?