Mambo ya Nyumbani: Koki ya Bafuni Ivujayo



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo lidharauliwalo katika nyumba nyingi, nalo ni koki ya bomba la mvua ambayo hata ikikazwa sana haiachi kutona. Watu huweka ndoo chini yake, wakadhani yamekwisha.

Na tuhesabu. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 ni kama mililita moja. Basi kila siku zapotea lita 4 na zaidi, na kwa mwezi lita kama 130, yaani ndoo sita na nusu za lita 20. Tena sisi tukaao Kahe tu watu wa bondeni. Twajua kwamba maji yapotezwayo juu mlimani hayatufikii. Wazee wa Uchagga waliutunza mfongo kwa kazi ya wote, na asiyetokea siku ya kuuzibua alitozwa faini. Bomba nalo lataka mwangalizi.

Koki ya zamani, ile izungushwayo mara nyingi, ina mti wa shaba wenye nyuzi kama skurubu, na mwishoni mwake kipande cha mpira kiitwacho washa. Ufungapo, washa hukandamiza kiti kilicho ndani, maji yakakoma. Mpira ukilika, maji hupenya. Kwa hiyo kukaza kwa nguvu si dawa. Huzidi kuusaga mpira, na mwisho huharibu kiti chenyewe.

Kazi yake ni hii. Ikiwa bomba lapasha maji kwa umeme, kwanza zima swichi kuu, na nyaya zake mwachie fundi wa umeme. Hapa mzaha huua. Kisha funga valvu kuu iliyo karibu na mita au tangi, ufungue koki mpaka maji yaishe. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa, skurubu isipotelee humo. Ondoa mkono wa koki, ulegeze nati kwa spana, ukautoe mti wote. Washa iliyochakaa usiitupe: ichukue mpaka dukani Moshi, ununue iliyo sawa nayo. Kabla ya kurudisha, chunguza kiti. Kikiwa laini, washa mpya yatosha. Kikiwa na mikwaruzo, fundi akisawazishe, au koki nzima ibadilishwe. Lakini maji yakitoka shingoni mwa koki, kosa si la washa: kaza nati ya shingo kidogo, au zungushia uzi mpya wa kuzibia.

Koki za siku hizi zifungwazo kwa robo mzunguko hazina washa ya namna hiyo, bali visahani vya kauri. Hizo hubadilishwa kiini kizima.

Nati ikikataa, msiilazimishe. Bomba lililofukiwa ukutani likivunjika, hamna budi kubomoa ukuta, na gharama yake yapita mbali ujira wa fundi.

Nanyi walimu, palipo koki ivujayo shuleni, wekeni kikombe chini yake kwa saa moja, watoto wapime, kisha wazidishe kwa 24. Hesabu hiyo hawataisahau. Lakini mkiisha kuhesabu, koki itengenezwe siku iyo hiyo.

Mkae salama.