Jirani akirudisha saa nyuma, hifadhidata zetu zi tayari?

MADEREVA wanaosafirisha shehena kutoka Kitale hadi Juba, wakipitia Lodwar na Lokichoggio, hujiandaa kwa mengi: barabara, usalama na ushuru. Tangu 2021 wana jambo jingine la kuzingatia. Wavukapo mpaka, hulazimika kurudisha saa zao nyuma.

Sudan Kusini iliacha saa za Afrika Mashariki usiku wa kuamkia Februari 1, 2021. Ilipotimu saa sita usiku, saa zilirudishwa hadi saa tano. Sudan ilikuwa imechukua hatua kama hiyo Novemba 1, 2017.

Kwa mwenye saa ya mkononi, kazi ni kugeuza mshale tu. Kwa hifadhidata, hicho ni kitendawili, kwani muda wa kati ya saa tano na saa sita usiku huo ulipita mara mbili. Tuseme mfanyabiashara wa mahindi mtaani Matisi alitumiwa malipo mawili kutoka Juba, yote saa tano na nusu. Yapi yalitangulia? Iwapo kumbukumbu ziliandikwa kwa saa za Juba pekee, hakuna mhasibu awezaye kujibu, na mzozo ukizuka ushahidi utakuwa na dosari.

Dawa inayofahamika ni kuhifadhi kila tukio kwa saa za Greenwich, zisizorudishwa nyuma wala kusogezwa mbele, kisha kuzigeuza wakati wa kumwonyesha msomaji. Hata hivyo, ugeuzaji huo hutegemea orodha ya kanuni za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani. Toleo lenye badiliko la Sudan Kusini lilitoka Januari 24, 2021, wiki moja tu kabla. Aliyechelewa kulipokea alibaki na programu iliyokosea kwa saa moja.

Aidha, dawa hiyo haitibu miadi ya baadaye. Mkutano wa Juba wa saa tatu asubuhi, uliohifadhiwa kwa saa za Greenwich kabla ya badiliko, ungejitokeza kuwa wa saa mbili. Miadi yafaa iandikwe kwa saa ya mahali, pamoja na jina la mahali penyewe.

Kenya haina desturi ya kubadili saa kwa majira, na hapo ndipo penye mtego: ni rahisi kwa mtaalamu kuongeza saa tatu juu ya zile za Greenwich na kudhani amemaliza. Lakini Marekani ilibadili tarehe zake za kusogeza saa 2007, na Misri ikarejesha saa za majira ya joto 2023. Saa huamuliwa na serikali, wakati mwingine kwa ilani fupi. Taasisi inayofanya biashara ng'ambo ya mpaka haina budi kujua ni nani miongoni mwa wafanyakazi wake anayefuatilia ilani hizo.