Jamaa wa Ua la Dirishani Wanaangamia Mbololo

KABIRIA NA DUNIA
Na Njeri Mwadime

Kando ya Ngong Road wauza miche hupanga mali yao hadi karibu na lami. Katikati ya waridi na miche ya miparachichi huwa kuna vyungu vidogo vya plastiki vyenye maua ya zambarau, kitovu cha manjano na majani yaliyoota manyoya laini. Vyungu hivyo hufika mtaani kwetu Kabiria, Nairobi, vikawekwa kwenye madirisha ya nyumba za kupanga, upande ambao jua kali halipigi. Wengi hulijua ua hili kwa jina la Kiingereza, African violet, na si wachache wanaodhani asili yake ni Ulaya. Wataalamu wa mimea waliliita Saintpaulia, na porini humea katika nchi mbili tu duniani: Kenya na Tanzania.

Jamaa zake wa porini walioko Kenya wamebanwa kwenye vipande vichache vya msitu, na taifa halijalipa jambo hili uzito unaostahili.

Safari ya ua hili kwenda ng'ambo ilianzia Pwani. Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, London. Mwaka 1887 Kasisi W. E. Taylor, yule mmishonari aliyekusanya methali za Waswahili, naye akapeleka zake. Hazikutosha kulitambulisha. Kisha mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika eneo la Usambara, Tanzania ya leo, akamtumia baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaupa mmea huo jina la ukoo wa baron huyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ilichagua machotara kumi kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya. Mmoja wao, Blue Boy, akawa chimbuko la aina nyingi zilizofuata. Leo aina za kupandwa ni maelfu, na vyungu vinavyouzwa kila mwaka duniani ni mamilioni.

Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai, unaotambua haki ya kila nchi juu ya mimea na viumbe vyake, ulitiwa saini mwaka 1992. Ilikuwa miaka mia moja tangu mbegu zile ziondoke Usambara. Kilichokwisha kuondoka hakidaiki tena. Kilichobaki ndicho kinachoweza kuokolewa.

Kenya ina aina mbili za kutazamwa kwa makini. Ya kwanza ni Saintpaulia teitensis, iliyoelezwa na mtaalamu B. L. Burtt mwaka 1958. Makao yake yanayojulikana ni msitu wa Mbololo katika Milima ya Taita. Msitu huo una takriban hekta 200. Mkazi wa Kabiria anaweza kuupima kwa msitu anaoujua: Ngong Road Forest, ambao umemegwa kwa miongo mingi tangu utangazwe kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, bado una zaidi ya hekta 1,200. Ukoo mzima wa ua la Taita umo katika eneo ambalo ni sehemu ndogo tu ya hapo.

Mbololo huishi kwa ukungu. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlima, ukapoa, na matawi yakaunasa unyevu wake na kuudondosha chini. Saintpaulia hushikilia nyufa za mawe yaliyo chini ya miti hiyo. Mizizi yake ni mifupi, na chakula chake ni tabaka jembamba la mboji. Mti mkubwa ukikatwa, jua hupenya hadi kwenye mwamba, mboji ikakauka na majani yakaungua. Mkata mbao anaweza kulimaliza ua hili bila kuligusa wala kujua kuwa lilikuwepo.

Aina ya pili, ambayo Burtt aliiita Saintpaulia rupicola mwaka 1964, iko Kilifi, kwenye miamba ya chokaa ya Kacharoroni na Cha Simba. Shida yake ni nyingine. Chokaa ndiyo malighafi ya saruji, na nchi inayojenga kwa kasi hii, Kabiria yenyewe ikiwamo, ina njaa ya saruji. Msitu uliokatwa huweza kupandwa upya. Mwamba uliovunjwa na kusagwa haurudi, na mmea ulioishi katika nyufa zake haurudi pia.

Zote mbili ziko katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa mno, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Tatizo moja ni namna taifa linavyohesabu. Tathmini ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83. Serikali ikaahidi miti bilioni 15 na kufikisha asilimia 30 ifikapo 2032. Ni lengo jema. Lakini katika hesabu ya miti, shamba la mikaratusi hupata alama kama msitu wa asili. Wataita wanalijua jambo hili, kwani baadhi ya vilima vyao vilipandwa misonobari na mikaratusi. Kwa mbali ni kijani kitupu. Chini yake hakuna kivuli kizito wala mwamba wenye unyevu, na Saintpaulia haiwezi kuishi hapo.

Wapo watakaosema kwamba ua lililojaa madirisha ya dunia haliwezi kupotea. Hoja hiyo haisimami. Aina za madukani zilitokana na wazazi wachache wa Usambara, nazo zimezaliana wenyewe kwa wenyewe kwa karibu miaka mia moja. Za Taita na Kilifi zina urithi wao, uliojengeka katika ukungu wa Mbololo na joto la Pwani. Ugonjwa ukiziingia aina za biashara, kinga huenda ikatafutwa kwa jamaa hawa. Zaidi ya hayo, msitu unaolinda ua ndio unaolinda chemchemi za vijiji vilivyo chini ya mlima.

Wazee walilijua hilo kabla ya IUCN. Wataita wana misitu mitakatifu waiitayo fighi, na Wamijikenda wana makaya yao, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Sheria ya misitu ya 2016 inazipa jamii nafasi ya kusimamia misitu pamoja na Huduma ya Misitu. Jamii za Mbololo zinastahili kulipwa kwa ulinzi huo, maana Katiba, kifungu cha 69, inaagiza manufaa ya mazingira yagawanywe kwa haki.

Nairobi nayo ina wajibu. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani, Tanzania, mwaka 1902, ilihamishiwa mjini hapa mwaka 1950. Benki ya jeni ya taifa iko Muguga, safari fupi ya matatu kutoka Kabiria. Ujuzi upo, na vyumba vya kuhifadhia mbegu vipo. Makumbusho ya Taifa na Huduma ya Misitu zihesabu mimea ya Mbololo na Cha Simba kila mwaka na kutangaza matokeo, mbegu zake ziwekwe Muguga, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, isiidhinishe machimbo yoyote kwenye miamba yenye ua hili.

Msomaji naye ana lake. Jani moja la Saintpaulia likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huzaa mche mpya, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu yeyote kung'oa mmea wa msituni. Utakapoinama kuchagua chungu kando ya Ngong Road, muulize muuzaji mche wake umetoka wapi. Ukiambiwa umetoka msituni, usiununue.