Miti mipya na sumu ya msimu uliopita

Desemba 2022, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nchini Tanzania, wakulima wadogo wa Mufindi na Njombe wamekuwa wakigeuza sehemu za mashamba yao kuwa za misonobari na mikaratusi. Uganda nayo ilianza mwaka 2004 kuwapa ruzuku wapandaji wa miti ya mbao kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Hesabu inayotangazwa kwa kawaida ni ya miche iliyopandwa. Ni nadra kusikia habari za udongo unaoipokea.

Suala hilo si dogo. Baadhi ya ardhi inayopandwa miti leo ilikuwa jana shamba la mahindi, na katika maeneo mengi palizi ya jembe imeipisha dawa ya kuua magugu.

Dawa hizo hazifanani. Glifoseti hupenya kupitia majani na, ikifika ardhini, hunata kwenye chembe za udongo kiasi kwamba mizizi huipata kwa uchache mno. Madhara yake kwa miche hutokana zaidi na matone yanayopeperushwa na upepo. Atrazini ni jambo jingine. Hiyo hufyonzwa na mizizi, kisha hulizuia jani kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mahindi husalimika kwa kuwa yana uwezo wa kuivunjavunja. Mche wa mkaratusi hauna kinga ya namna hiyo. Pikloramu, inayotumiwa kuua vichaka katika malisho, yaweza kudumu ardhini zaidi ya mwaka mmoja.

Wanaoziondoa dawa hizi hasa ni vijidudu vya udongo, navyo vinahitaji joto na unyevu. Mvua zikichelewa kazi yao hupungua, na dawa iliyotarajiwa kwisha katika miezi michache huendelea kuwapo. Aidha, udongo wa kichanga wenye mboji haba huiachia dawa ifikie mizizi kwa wepesi kuliko ule wa mfinyanzi. Kwa maneno mengine, aliye hatarini zaidi ni mkulima ambaye ardhi yake imechoka na mvua zimempa kisogo; na pengine ndizo sababu zilizomfanya aache mahindi apande miti.

Akiona majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia kingoni, au machipukizi yakijikunja, atalaumu jua, mchwa, au aliyemuuzia miche. Huenda akawa sahihi, maana dalili hufanana. Lakini kama kosa ni la dawa naye hajui, atanunua miche mingine na kuipanda palepale.

Hata hivyo, si haki kuzihukumu dawa zote. Mche mchanga unaoshindana na nyasi hufa kwa kukosa maji. Wapandaji wa miti wa Marekani na New Zealand hutumia heksazinoni kwa sababu msonobari huistahimili. Dawa hiyo hiyo huua mkaratusi. Makampuni makubwa yana wataalamu wa kuyapambanua hayo. Mkulima mdogo mara nyingine huuziwa dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na maandishi.

Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa atrazini kutokana na mabaki yake katika maji ya ardhini, ilhali Marekani imeendelea kuiruhusu. Mjadala huo Afrika Mashariki haina budi kuufanya, lakini miche haiwezi kuusubiri. Kipimo cha awali hakihitaji maabara: jaza makopo kadhaa udongo wa shamba linalotiliwa shaka, na mengine udongo usiowahi kunyunyiziwa, kisha panda maharagwe kote na uyatazame kwa wiki tatu. Yakidhoofika upande mmoja tu, upandaji usubiri msimu mwingine.

Maofisa wa misitu wanaogawa miche wanaweza kuanza na maswali matatu: ilipigwa dawa gani, lini, na mvua kiasi gani imenyesha tangu hapo? Yasipoulizwa, miche itaendelea kuhesabiwa siku ya kupandwa, na inayokufa itabaki kuwa hasara ya mkulima peke yake.