Daftari la Shemeji

Mwezi huu nilikuwa nimekuandalia makala nyepesi ya wanandoa na bajeti ya nyumba. Nimeifuta. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nitoke Newala, na nikiliruka nitakuwa nakudanganya wewe na kujidanganya mwenyewe.

Tulikwenda kuzika. Aliyefariki ni mjomba wa mume wangu, ndiye aliyemlea na kumsomesha, na kama umeolewa na Mmakonde unajua mjomba ni nani: baba ni baba, lakini mjomba ndiye mwenye sauti. Tuliondoka Dar alfajiri ya Jumamosi, tukafika Masasi jioni wakati magari ya kupanda Newala yameshakwisha. Tukalala pale. Asubuhi tukawahi ibada ya kwanza.

Masasi ina milima ya mawe matupu, mikubwa, imesimama kila upande kama watu wanaosikiliza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa kutoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikuwa ya kwenda mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, lakini wengi wao walipopaona Masasi wakapapenda, wakakataa kuendelea. Nikiwa nimekaa kwenye benchi nikawa nawawaza wale watu. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na bei. Mtu fulani alikaa chini, akapiga hesabu, akaona faida. Niliwahurumia sana, nikaombea na mambo yangu, tukaondoka. Sikujua kwamba nilikuwa nimejihubiria.

Sasa nikueleze mambo yangu yalikuwa yapi.

Mwaka 2017 shemeji yangu mmoja wa Newala, mtoto wa mama mdogo wa mume wangu, alitupigia simu. Kuna hela, akasema. Mkulima wa korosho ana miezi yake ya shida, kuanzia Januari chakula kikipungua ndani, shule zikifunguliwa, halafu salfa ya kupulizia mikorosho inadaiwa. Mavuno ni mpaka Oktoba huko. Wewe unampa fedha sasa, anakulipa korosho zikianguka. Biashara hiyo inaitwa kangomba. Kipimo chake si mizani ni chombo, na chombo chenyewe kwa kawaida kinabeba zaidi ya kile kinachohesabiwa. Serikali iliikataza, kwa kuwa tangu 2007 korosho za Mtwara zinatakiwa zipite stakabadhi ghalani, mkulima apeleke chama cha msingi, ziuzwe kwa mnada. Tulijua. Lakini si unajua tena, kila mtu alikuwa anafanya, na sisi tulikuwa tunatafuta kiwanja.

Tukatoa akiba. Shemeji akanunua kwa shilingi 1,000 kilo. Msimu ulipofika, mnada ukapanda kuliko watu walivyotarajia, zaidi ya shilingi 3,800. Jamani! Tulitoa fungu la kumi mpaka senti. Tena mimi, mimi mwenyewe, nilisimama kanisani na kitenge kipya nikashuhudia kwamba Bwana amefungua mlango ambao hakuna awezaye kuufunga. Watu wakapiga vigelegele.

Mwaka uliofuata tukaweka kila kitu, na mkopo wa kazini juu yake. Unakumbuka 2018. Wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo, Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakaingia Mtwara na Lindi kubeba. Uhakiki ukaanza: mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba. Shemeji hana mikorosho ya kutoa mzigo ule. Akajificha, mzigo ukapotelea mikononi mwa watu, na sisi tukabaki na mkopo. Tulimaliza kuulipa baada ya miaka mitatu.

Tangu hapo nilikuwa na ombi moja. Mungu nirudishie haki yangu. Nilifunga kwa ajili hiyo. Na kila nilipogombana na mume wangu, hata kwa jambo la chumvi, korosho zilikuwa zinaingia. Ndugu zako. Tamaa yako. Mwenzangu akawa mtu wa kunyamaza, akirudi kazini anakaa ndani ya gari nusu saa kabla ya kuingia nyumbani. Niliona. Nikadhani ananikwepa kwa sababu ana hatia.

Basi, turudi msibani. Newala iko juu ya uwanda mkavu, na maji yake yanasukumwa kwa mashine kutoka mabondeni. Yasipopanda, ndoo inakuwa mali. Mimi Mgogo, ukame nisimulieni mimi, lakini pale msibani nilishika adabu. Siku ya pili jioni bibi mmoja jirani, mwembamba, kitambaa chekundu kichwani, akaniita nyuma ya nyumba. Kaniwekea ndoo nzima ya kuoga.

"Shikamoo bibi. Maji yote haya?"

"Marahaba mwanangu. Oga. Wewe si ndiye mke wa mjukuu wetu wa Dar? Nimekungoja siku nyingi nikushukuru."

Nikauliza anishukuru nini. Akasema mwaka ule mjukuu wake alifaulu kwenda Kidato cha Kwanza na ndani hakukuwa na kitu, hata ming'oko ya kuchemsha ilikuwa ya kutafuta. Shemeji yangu akaja na fedha, akamwambia zimetoka kwetu. Shilingi 60,000. Akanunua sare, viatu na debe la mahindi. Oktoba akatoa kilo 60, mavuno yake yote. "Mlinisitiri," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ya kubangua korosho, vidole vimebabuka na ile mafuta ya ganda.

Angenitukana ningejua la kujibu.

Nilioga nikilia. Usiku, kwenye mkeka katikati ya wanawake waliolala, nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Kilo 60 kwa bei ya mnada ni zaidi ya shilingi 228,000. Toa makato ya chama, toa alichopokea, bado zaidi ya laki na nusu ilitoka kwa bibi asiye na maji, ikaja kwangu, nikaitolea zaka na kununulia kitenge. Nabii Amosi aliwasema wafanyabiashara waliopunguza vipimo huku wakingoja sabato iishe warudi sokoni. Kitabu hicho nimekisoma kwenye kikundi chetu cha wanawake, tena nikakifundisha! Sikuwahi kujiona ndani yake. Siku zote mimi nilikuwa mjane, yatima, aliyeonewa.

Baada ya maziko nilimwomba mume wangu anipeleke Shimo la Mungu. Ni pale nje kidogo ya mji ambapo uwanda unakatika ghafla, chini unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji. Upepo wa pale haukuachii kilemba. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho halafu akasema kitu kimoja tu, bila hasira:

"Ushuhuda ulitoa wewe. Hasara ukanipa mimi."

Sikuwa na jibu. Tulikaa pale mpaka giza likaanza. Nilimwomba msamaha, na mwanzoni hakusema amenisamehe. Alisema amesikia. Wewe uliye kwenye ndoa unajua tofauti yake, na unajua pia kwamba wakati mwingine "nimesikia" ni pakubwa pa kuanzia.

Shemeji tulipomwambia tunataka majina, alishtuka. "Shemeji, mnataka kunifungisha?" Halafu akajitetea, na nakiri utetezi wake haukuwa wa kijinga: hakuna aliyelazimishwa, benki haimkopeshi bibi yule hata shilingi, na bila sisi mjukuu asingekwenda shule. Kweli. Lakini 60,000 tungeweza kumkopesha akarudisha 60,000, ama hata na kidogo juu yake. Wazo hilo halikupita kichwani mwa yeyote kati yetu watatu, na wawili tulikuwa tumeokoka. Mwishowe akatoa daftari kutoka chini ya godoro, la kurasa 80, jalada limeliwa na mende. Majina 31.

Zakayo aliahidi mara nne. Sisi mshahara wetu haufiki huko. Tumekubaliana kurudisha kilichozidi, jina kwa jina, na tutachukua muda mrefu. Kiwanja kisubiri.

Tulianza na bibi. Mume wangu alimweleza kwa Kimakonde, taratibu, kama mtoto anayekiri kuvunja mtungi. Nilidhani atakataa fedha, kama wanavyofanya watu wema kwenye hadithi. Hakukataa. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akatutazama kwa muda. Safari hii hakunishukuru.

"Na wenzangu?" akauliza.

Daftari liko nyumbani sasa, juu ya friji. Majina manne yamepigwa mstari. La tisa amefariki, watoto wake tumeambiwa wako Mtwara mjini, mmoja anaendesha bodaboda. Jana mume wangu aliingia ndani moja kwa moja bila kukaa kwenye gari, akavuta kiti, akaanza kupiga simu kumtafuta.