Picha ni Bure, Maelezo ni kwa Fedha

Elimu ya kuitazama dunia kwa setilaiti ni elimu kubwa, nami naiheshimu. Ninachokilaumu ni namna matunda yake yanavyotangazwa. Hutangazwa katika majarida ambayo mwenye ardhi iliyopigwa picha hawezi kuyanunua, na hata akipewa bure hawezi kuyasoma. Nasema waziwazi kwamba jambo hili si haki. Zaidi ya hayo, linaidhuru elimu yenyewe.

Tuanze na historia. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat tarehe 23 Julai 1972. Kwa miaka mingi picha za setilaiti hizo ziliuzwa. Picha moja ya Landsat 7 ilikuwa dola 600. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa bure. Ulaya nayo ikarusha Sentinel ya kwanza mwaka 2014, na picha zake hazilipiwi. Huo ni uungwana. Lakini picha haisemi yenyewe. Husemeshwa na mtaalamu, na mtaalamu huyo husema kupitia jarida. Hapo ndipo mlango unapofungwa.

Majarida hayo ni ya namna mbili. Yako yanayomtoza msomaji, na yako yanayomwachia msomaji lakini yakamtoza mwandishi. Ada ya mwandishi mara nyingi hupita dola 2,000, fedha ambazo kwa mwalimu wa shule ya msingi ni mshahara wa miezi kadhaa. Mpwa wangu ni mhadhiri. Aliandika makala juu ya mikoko ya delta ya Rufiji, namna inavyokatwa ili kupisha mpunga. Jarida moja la ng'ambo, ambalo sitalitaja, liliikubali makala hiyo kisha likampelekea ankara. Aliomba msamaha wa ada akapunguziwa nusu. Nusu iliyobaki aliikopa kwenye chama cha akiba na mikopo. Makala ilitoka, ikasifiwa. Rufiji hakuna aliyeisoma.

Huenda utasema: mkulima wa mpunga ana haja gani na makala ya kitaalamu? Nami nakuuliza: mtaalamu ana haja gani na mkulima? Haja anayo, na ni kubwa. Setilaiti ya Landsat huigawa ardhi katika miraba midogo, kila mraba mita 30 kwa 30. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, yaani miraba minne na nusu tu. Sasa fikiri shamba la ekari moja la mkulima wetu: mahindi, mihogo na mbaazi pamoja, na mwembe katikati. Katika mraba mmoja vyote hivyo huwa rangi moja. Sentinel-2 huona vizuri zaidi, mita 10 kwa 10, lakini nayo huzibwa na mawingu, na masika tunayajua. Rada hupenya mawingu, ila rada haiwezi kukueleza kwa nini mtu aliacha kulima bonde lile.

Kwa hiyo mtaalamu hana budi kushuka chini. Huja kijijini na kifaa cha kupimia mahali, humwona mwenyekiti wa kijiji, humchukua bwana shamba, huzungushwa shambani kwa shamba. Huuliza: hapa palikuwa na nini mwaka juzi? Hapa maji hufika lini? Majibu hayo ndiyo yanayompa uhakika kwamba ramani yake ni ya kweli. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini makala ikitoka, aliyekilalia kitanda hutajwa mwishoni kwa maneno mawili matatu: shukrani kwa wenyeji. Jina lake halimo. Na kama mtaalamu hakumwelewa, mwenyeji hana njia ya kusema, kwa sababu hajui kilichoandikwa juu yake.

Hapa ndipo elimu yenyewe inapodhurika. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, na najua kazi isiyokaguliwa ni kazi ya mashaka. Majarida yana wahakiki, na hilo ni jema. Lakini uhakiki nao una upofu wake. Mwaka 2011 Wolfgang Wagner, mhariri mkuu wa jarida la Remote Sensing, alijiuzulu baada ya makala moja juu ya hali ya hewa ya dunia kupitishwa na wahakiki ilhali ilikuwa na kasoro za msingi. Alieleza kwamba huenda wahakiki wale walikuwa na mawazo yaleyale ya waandishi. Nampongeza kwa kuwajibika. Basi, ikiwa wahakiki wa mawazo mamoja hupitisha kosa, itakuwaje kwa makala ya Rufiji inayohakikiwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga tope la Rufiji? Mhakiki aliyekosekana ni yule mwenye shamba.

Najua jibu litakalotolewa: Kiswahili hakina maneno ya elimu hiyo. Hoja hiyo imezeeka kuliko mimi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Neno setilaiti watoto wanalijua. Mikoko, bonde, mafuriko, ukame, msitu, haya tumeyarithi kwa bibi zetu. Anayeshindwa kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili, na atazame kwanza kama ameyaelewa.

Wala lawama si ya wageni peke yao. Sisi wenyewe humpandisha cheo mhadhiri kwa kuhesabu makala zake za ng'ambo. Akiandika kijitabu cha kurasa 20 kwa ajili ya wakulima wa delta, kwenye hesabu hiyo ni kama hakufanya kazi. Tukimlipa mtu kwa kuzungumza na walio mbali, tusistaajabu akiacha kuzungumza na jirani.

Ninalodai si kubwa. Kila makala juu ya ardhi ya watu iwe na muhtasari katika lugha ya watu hao, na muhtasari huo usomwe na yeyote bila malipo. Kila aliyempa mtaalamu maarifa ya ardhini atajwe kwa jina akiridhia, na aliyefanya kazi ya utafiti aandikwe kuwa mwandishi, awe na shahada au asiwe nayo. Ramani irudishwe kijijini, ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji, na watu wapewe nafasi ya kuikosoa kabla makala haijachapwa. Vyuo vyetu navyo viuhesabu urejeshaji huo kuwa ni kazi ya kitaaluma.

Wahariri watasema haya yatawachelewesha. Na yawacheleweshe. Mikoko inakatwa leo, na mwenye shoka yuko kulekule delta, si kwenye maktaba ya Ulaya. Kama makala imeandikwa ili mikoko ipone, yeye ndiye msomaji wa kwanza. Kama haikuandikwa kwa ajili hiyo, basi waandishi watuambie waliiandika kwa ajili ya nani.