Mkulima wa paina, moto ni hasara kuliko nyoka

KILA kiangazi kinapoingia, wakulima wa miti wilayani Mufindi na kwingineko Nyanda za Juu Kusini huanza kusafisha mashamba yao ya paina. Wapo wanaofyeka, na wapo wanaoona njia rahisi ni kuwasha moto ili nyasi ziishe na nyoka wakimbie.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini kwa mtu anayefanya biashara ya miti, kuwasha moto ni kuchezea mtaji.

Mti mchanga wa paina una gome jembamba. Moto wa nyasi ukipita chini yake, gome huungua na mti hufa. Upepo ukibadilika, moto huo huingia kwa jirani, au hata katika shamba la serikali la Sao Hill lenye zaidi ya hekta 135,000. Mbao ulizokuwa unazisubiri kwa miaka 15 au zaidi zinateketea kwa saa moja.

Tujiulize pia nyoka anafuata nini shambani. Anafuata panya. Panya shamba huzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mimba yake ni ya wiki tatu hivi. Huyu ndiye anayefukua mbegu za mahindi mara tu zinapopandwa na kuingia ghalani baada ya mavuno. Nyoka, bundi na kicheche wanamla bila kumdai mkulima hata senti. Ukiwamaliza hao, andaa fedha za sumu ya panya.

Sisemi nyoka si hatari. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Kifutu ndiye wa kuogopwa zaidi, kwani hakimbii. Hutulia kwenye majani hadi akanyagwe. Dawa yake ni kuvaa buti unapopalilia, kutangulizia fimbo na kutembea na tochi usiku. Wafanyabiashara wa mbao nao wapange mbao juu ya magogo na kuondoa mabanzi, maana ndimo panya na nyoka wanamojificha.

Mtu akiumwa, msimchanje, msinyonye jeraha wala kufunga kamba ya kubana. Mvueni pete na viatu, atulie, abebwe haraka hospitali.

Serikali za vijiji zisiishie kutoza faini baada ya moto. Zisimamie uchongaji wa barabara za kuzuia moto kabla ya Juni, na zifuatilie kama kituo cha afya kilicho karibu kina dawa ya sumu ya nyoka. Mkulima naye achukue fyekeo, aache kiberiti nyumbani.